Misuku Ishirini na Mmoja Isiyozaa

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 15 Februari, saa mbili na robo asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na kukatika alfajiri. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka juu ya uwanda, na baridi ilikuwa ile ya kuvaa sweta mbili.

Rosina alivaa moja. Alitoka nyumbani kwa haraka, kwa sababu siku hiyo karatasi yake ilikuwa inatekelezwa. Yeye ndiye katibu wa kamati ya mazingira ya kitongoji cha Kalembwe, upande wa Kaengesa, na karatasi yake ilikuwa imeagiza ukataji wa miti ishirini na mmoja.

Historia ya karatasi hiyo ilikuwa fupi. Nyuma ya shule ya Kalembwe kuna mteremko wenye misuku sitini na minne. Msuku ni mti wa porini ambao haukupandwa na mtu. Kila mwaka, mvua za kwanza zinapokaribia, huangusha masuku, matunda ya rangi ya kahawia yenye ganda gumu na nyama tamu ndani. Kitongoji kizima hula, na yanayobaki hupelekwa sokoni Sumbawanga kwa ndoo. Sheria ya mteremko ni ya tangu zamani: hakuna kutikisa mti, hakuna kupanda juu, hakuna kurusha fimbo. Unaokota tunda lililoanguka lenyewe. Atakayetikisa hakanyagi mteremko msimu mzima. Mwenyekiti wa zamani aliwahi kufungiwa kwa sheria hiyo, na mke wake akawa anamletea masuku kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa, kama dawa.

Rosina aliongeza utaratibu wake. Aliipa kila mti namba. Kwa misimu miwili alipita na daftari na kuandika mti uliozaa na mti usiozaa. Arobaini na mitatu ilizaa. Ishirini na mmoja haikutoa hata suku moja. Mwezi Desemba, shule ilipohitaji kuni za kuchomea matofali ya jiko jipya, Rosina alisimama mkutanoni na kusoma orodha yake.

"Miti hii inakunywa mvua yetu bure," alisema. "Ikikatwa sasa, kuni zitakauka kabla ya Juni, na tanuri litawashwa kiangazi. Mti unaozaa hautaguswa."

Mkutano ulifurahi sana, hasa upande wa wanawake. Epifania, mjane wa miaka sabini na mbili na mwokotaji hodari kuliko wote, alipiga makofi.

"Hata mimi nilikuwa na mmoja wa namna hiyo nyumbani," alisema. "Anakula, anakaa kivulini, hazai kitu. Nilimvumilia miaka arobaini!"

Wanaume walitazama chini. Hoja ilipita bila mpinzani. Rosina alinunua rangi nyekundu na kuzungushia kila mti tasa mstari mmoja ulionyooka.

Sasa alipanda mteremko akiwa na daftari kwapani. Watu wanne walikuwa wamekwisha kufika. Evaristi, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa amekaa juu ya jiwe na mhuri wake mfukoni. Cornelius, fundi wa matofali, alikuwa ananoa shoka. Epifania alikuja kutazama, kwa kuwa alisema hajawahi kuona mvivu akiadhibiwa mchana kweupe. Wa nne alikuwa Masunga, mfugaji Msukuma aliyehamia Kalembwe na familia yake miaka saba iliyopita. Alikuwa ameleta mkokoteni wa ng'ombe kwa ajili ya kusomba magogo.

"Shikamoo, bibi," Rosina alimsalimu Epifania.

"Marahaba, Katibu. Mbona umechelewa? Wahukumiwa wanasubiri."

"Sijachelewa. Karatasi inasema saa mbili na nusu."

"Karatasi inasema," alirudia Cornelius, akipitisha kidole kwenye makali ya shoka. "Mimi nafuata karatasi. Nianze na upi?"

"Namba saba."

Namba saba ulikuwa karibu na njia, mti mnene wenye majani mapana yanayong'aa. Cornelius alitemea mate viganjani na kupiga. Shoka liliingia. Alipiga tena, na kipande cha gome kikaruka mpaka kwenye mguu wa Evaristi. Evaristi alihamisha mguu lakini si mwili.

Masunga alikuwa amewafungua ng'ombe wake ili wale nyasi. Alisimama chini ya namba saba na kutazama juu. Jua lilikuwa limeanza kupenya ukungu, na kutoka matawini ulisikika mvumo mdogo usiokatika.

"Katibu," alisema, "huu mti umesema hauzai?"

"Misimu miwili. Imeandikwa."

"Mbona una maua?"

Rosina alitazama. Ni kweli. Chini ya majani kulikuwa na vishada vidogo vya maua ya manjano, vingi kama ulezi uliomwagika, na nyuki walikuwa wanavishughulikia kwa bidii.

"Maua si matunda," alisema.

"Sawa. Lakini hawa nyuki nimewafuata kwa macho. Wanatoka hapa, wanakwenda kwenye ule usio na rangi. Wanarudi." Masunga alivua kofia na kukuna kichwa. "Kwetu sisi, mwenye kutoka huku na kwenda kule kwa majike, tunamwita dume."

Epifania alicheka mpaka akashika kiuno.

"Masunga wee! Ng'ombe wamekuingia kichwani. Sasa hata mti una dume?"

"Bibi, mimi sijasoma. Ninauliza tu."

"Uliza ukiwa umekaa pembeni, ndugu yangu," alisema Cornelius. "Shoka halina macho." Akapiga mara ya tatu.

"Subiri," alisema Rosina.

Hakusema kwa sauti kubwa. Alikuwa mtu wa utaratibu, na swali lililoulizwa lilipaswa kujibiwa. Alikunja tawi la namba saba na kuvunja kijiti chenye maua. Alikitikisa kiganjani, na kiganja kikajaa unga mwembamba wa manjano. Kisha alikwenda kwenye namba nane, mti uliozaa sana msimu uliopita, na kutafuta maua yake. Ilimchukua muda kuyaona. Hayakuwa vishada. Yalikaa moja moja, madogo, ya kijani, na kila moja lilikuwa na uvimbe mdogo chini yake, mfano wa mbegu ya kunde. Alilitikisa. Hakuna unga uliotoka.

Alikwenda namba kumi na mbili, wenye rangi nyekundu. Vishada na unga. Kumi na tatu, usio na rangi. Ua moja moja, uvimbe, hakuna unga. Alikagua miti kumi kwa jumla, akiandika kila mmoja, na wenzake wanne wakamfuata nyuma kama wanafunzi waliopelekwa shambani. Ng'ombe mmoja alifuata pia.

Kwenye mti wa kumi, Rosina alifunga daftari. Daftari halikuwa na kosa hata moja. Kila mti ulioandikwa kuwa hauzai, kweli ulikuwa hauzai. Kosa lilikuwa kwenye kile alichokisema juu ya daftari hilo mbele ya mkutano mzima, kwa sauti ya juu, huku akishangiliwa.

Hesabu iliyobaki ilikuwa nyepesi. Miti ishirini na mmoja ikianguka leo, arobaini na mitatu ingechanua mwakani bila unga. Kisha hakuna mtu ambaye angekuwa na kitu cha kuokota. Ili isianguke, ilimpasa aseme kwamba amekosea. Kati ya kazi zote za ukatibu, hiyo hakuwa amewahi kuifanya.

"Tusitishe," alisema.

"Tusitishe nini?" aliuliza Cornelius.

"Ukataji. Bwana Masunga ana hoja. Miti hii inaonekana kuwa ni madume."

"Inaonekana!" Cornelius alicheka. "Haya, tuseme ni madume. Kwani tabu iko wapi? Kwa mjomba wangu, bondeni kule Ziwa Rukwa, mpapai dume ukiota tunakata siku hiyo hiyo. Na mapapai tunakula kila mwaka. Mengine yanaoza!"

Evaristi aliinua kichwa. "Hiyo ni hoja," alisema.

Hoja ilikuwa nzuri, na Rosina aliona hivyo. Ni Epifania aliyejibu, na alijibu akiwa ameacha kucheka.

"Mjomba wako ana jirani?"

"Anao. Wengi."

"Na wao wanakata mipapai dume?"

Cornelius alifikiri. "Mzee wa upande wa mtoni, hapana. Yule ni mvivu. Shamba lake lina kila kitu kilichojiotea."

"Basi mjomba wako anakula mapapai kwa msaada wa mvivu," alisema Epifania. "Anapaswa kumpelekea shukrani."

"Hiyo nayo ni hoja," alisema Evaristi.

Epifania hakumsikiliza. Alikuwa anatazama upande wa pili wa kijito, kwenye kilima cha kitongoji cha Ng'ambo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayepekua sanduku la zamani na kukuta kitu asichokitaka.

"Watu wa Ng'ambo," alisema polepole, "walikata misuku yao mwaka ule wa daraja kuvunjika. Walitaka mkaa. Walikata isiyozaa tu, walijisifu hapa hapa kwamba iliyozaa wameiacha. Mnakumbuka?"

"Nakumbuka," alisema Cornelius, bila furaha.

"Mwaka uliofuata waliokota. Matunda yalikuwa yameshatungwa mtini walipokata. Mwaka wa pili hawakuokota kitu. Wa tatu, hivyo hivyo. Sasa wanakuja kwetu na vikapu kuomba."

"Lakini bibi," alisema Rosina, "wewe ndiye uliyetuambia kwamba misuku ya Ng'ambo iligoma kwa sababu walikuwa wanaitikisa."

"Nilisema hivyo."

"Umewaambia watoto wote wa Kalembwe hivyo. Umewaambia na wa Ng'ambo."

"Nimewaambia na padri," alisema Epifania. "Na ilisaidia sana, kwa maana hakuna mtoto anayetikisa mti tena. Kwa hiyo tuendelee kusema yote mawili. Ukitikisa, mti unagoma. Ukikata dume, mti unagoma. Uongo mmoja na kweli moja vinakaa pamoja bila kugombana."

Masunga alicheka kwa heshima, akiwa ameziba mdomo kwa kofia.

Cornelius hakuwa amekata tamaa. Alimgeukia Masunga kwa uso mpya, wa kirafiki.

"Wewe ndugu yangu ni mtaalamu. Niambie, dume mmoja wa ng'ombe anatosha majike wangapi?"

"Akiwa na afya, ishirini, ishirini na watano."

"Umesikia, Katibu? Majike arobaini na matatu, madume mawili yanatosha. Nitakuachia hata matatu, kwa upendo. Kumi na minane nakata. Kila mtu anakwenda nyumbani na furaha."

"Hiyo," alisema Evaristi, "ni hoja ya usuluhishi."

"Mwenyekiti," alisema Masunga, "dume wangu ana miguu."

Wote walimtazama.

"Akimtaka jike aliye bondeni, anashuka bondeni. Huu mti hauendi popote. Anayetembea ni nyuki, na nyuki wa huku na baridi hii, mvua hii, hawezi kwenda mbali. Leo mmemwona ametoka saa ngapi? Jua lilipotoka. Kabla ya hapo alikuwa amelala, kama mtu mwenye akili."

Epifania alipiga makofi mara moja. "Nimeshindwa," alisema. "Maisha yangu yote nimesema anayekaa tu hana kazi. Leo mti umenikosoa."

"Sisi wanaume tumesikia," alisema Evaristi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alisimama. "Tungependa iandikwe kwenye muhtasari."

"Usizidishe, Evaristi."

Cornelius aliegemeza shoka kwenye namba saba na kukunja mikono.

"Mimi ni fundi," alisema. "Sijui dume, sijui jike. Nina karatasi yenye mhuri inayosema kata. Nikiondoka hapa bila kuni, kesho mkutano utaniuliza mimi. Nipeni karatasi inayosema usikate. Na iwe na sababu. Sitaki kuonekana mzembe."

Hapo hakuwa na makosa, na kila mtu alijua. Rosina alikaa juu ya jiwe la Evaristi na kuchana karatasi kutoka nyuma ya daftari. Aliandika tarehe. Aliandika mahali. Aliandika: "Kufuatia uchunguzi wa ziada uliofanywa na kamati, imebainika kuwa taarifa ya awali ilihitaji..." Akasimama. Akakata mstari.

"Soma tusikie," alisema Epifania.

"Bado."

Aliandika tena: "Kutokana na mabadiliko ya hali ya miti..." Akakata.

"Miti imebadilika lini?" aliuliza Cornelius, ambaye alikuwa anasoma kwa juu ya bega lake.

"Cornelius, rudi nyuma."

"Narudi. Lakini miti haijabadilika."

Rosina alitazama mteremko. Miti ishirini na mmoja ilikuwa na rangi yake, na mistari yote ilikuwa imenyooka vizuri. Alikumbuka alivyofurahi alipokuwa anaipaka. Alikumbuka makofi. Mkutano ulikuwa na watu zaidi ya tisini, na kila mmoja angekuja kuisoma karatasi hii kwenye ubao wa shule, na wasiojua kusoma wangesomewa.

"Bibi," alisema kwa sauti ya chini, "wewe ulipogundua jambo la Ng'ambo sasa hivi, ulijisikiaje?"

"Vibaya," alisema Epifania. "Kama kumeza suku na ganda lake. Lakini lilishuka."

Rosina aliandika bila kusimama: "Nilisema misuku ishirini na mmoja haina kazi. Nilikosea. Ni madume. Bila hayo, majike hayatazaa. Yasikatwe." Aliweka sahihi na kuisoma kwa sauti, yote, pamoja na neno "nilikosea".

Hakuna aliyecheka. Evaristi alitoa mhuri, akaupulizia pumzi ya moto, na kuugonga juu ya goti lake. Mhuri ulikaa upande, lakini ulisomeka.

"Haya," alisema Cornelius. Aliichukua karatasi na kuikunja mara nne. "Sababu ipo. Kuni hazipo. Jiko la shule litajengwa kwa maua?"

Rosina alisimama. Alishangaa kuona kwamba miguu yake ilikuwa myepesi.

"Cornelius, una mikaratusi mingapi pale chini ya kisima?"

"Mikaratusi gani?"

"Iliyopandwa mistari minne," alisema Epifania. "Ile unayoificha kwa kuizungushia mahindi."

"Bibi, ile ni ya kuezekea! Ni ya nyumba ya mwanangu Jastin."

"Jastin ana miaka sita," alisema Evaristi.

"Anakua haraka!"

"Mkaratusi ukikatwa unachipua," alisema Rosina. "Jastin akifikia kuoa, utakuwa umeshaukata mara tatu. Mwezi Desemba ulinyoosha mkono wa kwanza kuunga mkono misuku ikatwe. Nilidhani umependa orodha yangu."

Cornelius alitazama shoka. Alitazama ng'ombe. Ng'ombe hawakumsaidia.

"Niliipenda pia," alisema.

"Mimi nimesema yangu mbele yenu," alisema Rosina. "Ilikuwa chungu, lakini haikuchukua hata dakika moja."

Cornelius alivuta pumzi. "Nilijua kwamba misuku isipokatwa, mtaikumbuka mikaratusi yangu," alisema. "Haya. Nimesema. Nitatoa kumi. Si kumi na mmoja, kumi. Na karatasi iandikwe kwamba nimetoa kwa hiari yangu."

"Kwa hiari yako kabisa?" aliuliza Rosina, kalamu ikiwa tayari.

"Kabisa."

"Bila kushurutishwa na mwanamke mzee?" aliuliza Epifania.

"Hilo usiandike."

Rosina aliandika kwamba Cornelius ametoa mikaratusi kumi kwa hiari. Masunga alikubali kuisomba. Aliahidi pia kuongeza kinyesi kikavu cha ng'ombe kutoka zizini, ambacho mke wake Kashinje alikitumia kuchomea vyungu na kukisifu. Kisha alichota udongo wa mfinyanzi kando ya njia, akauchanganya na kinyesi kibichi, ambacho hakikuwa mbali, na kuziba majeraha matatu ya namba saba. Aliupaka kwa kiganja, taratibu, kama anavyomtibu ndama aliyechanwa na mwiba.

"Utapona?" aliuliza Rosina.

"Utapona. Hata ukikatwa huwa unachipua shinani. Lakini ungetuchelewesha miaka."

Saa nne na dakika kumi kazi ya mteremko iliisha. Ukungu ulikuwa umeondoka, na nyuki walikuwa wengi kuliko asubuhi.

Cornelius alikwenda chini ya kisima na kuchagua mikaratusi kumi. Alichagua iliyopinda. Masunga aliwafunga ng'ombe na kurudi nyumbani na mkokoteni mtupu, akamkuta Kashinje anauliza magogo yako wapi. Evaristi alipita dukani na kusimulia kwamba uongozi ulikuwa na mashaka na ile orodha tangu mwanzo. Epifania alivuka kijito kwenda Ng'ambo kuwaambia watu wa huko kwamba wanahitaji madume, akatumia maneno hayo hayo, na ilimchukua muda mrefu kueleweka. Rosina alibandika karatasi kwenye ubao wa shule kwa misumari minne. Alimweleza mume wake, Yohanes, kabla hajasikia kwa wengine. Kisha alikwenda kupalilia maharage.